Ubaguzi hauhitaji chuki

Bosi akituhumiwa kuwa nafasi za kazi zote zimekwenda kwa watu wa kwao, hujibu: "Mimi sina chuki na kabila lolote." Mjadala unaishia hapo, kana kwamba amejibu. Hajajibu. Kaulizwa alichotenda, kaeleza anachohisi.

Kwa ufupi, fikra mgando ni imani juu ya kundi ("wale wavivu"), chuki ni hisia dhidi ya kundi hilo, na ubaguzi ni kumpa au kumnyima mtu kitu kwa sababu ya kundi lake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(5), inafafanua kubagua kwa tendo: kutimiza haki na mahitaji ya watu kwa kuzingatia kabila, dini, rangi, walikotoka na kadhalika. Chuki haikuwekwa kuwa sharti.

Wanaodhani bila chuki hakuna ubaguzi wangetazama utafiti wa mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake, uliochapishwa mwaka 1971. Wavulana wa miaka 14 na 15 huko Bristol, Uingereza, waliambiwa wamegawanywa kulingana na michoro waliyoipenda, ya mchoraji Klee au ya mchoraji Kandinsky. Kumbe mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu. Kisha kila mmoja, akiwa peke yake, aligawa pointi zenye thamani ya fedha kwa wavulana wengine wawili aliowajua kwa namba na kundi tu. Kujipa mwenyewe hakuruhusiwa. Hapakuwa na ugomvi wala historia kati ya makundi hayo, ila waliwapendelea wa kwao. Tena angalia namna walivyopendelea. Kwenye jedwali mojawapo, upande mmoja wa kwao angepata 19 na wa kundi lingine 25; upande wa pili, wa kwao 7 na wa kundi lingine 1. Chaguo zao zilivutwa kuelekea kwenye pengo: wa kwao apate pungufu, ilimradi amzidi yule mwingine.

Kinyume chake pia hutokea: mtu husema atabagua, lakini kwa tendo asibague. Mwaka 1934 mwanasosholojia Richard LaPiere alichapisha habari za safari zake Marekani na mume na mke Wachina. Katika hoteli na mikahawa 251, walikataliwa mara moja tu. Baadaye aliandika barua kuuliza kama Wachina wangepokelewa. Zaidi ya 9 katika kila 10 waliojibu walikataa. (Utafiti una kasoro: aliyejibu barua huenda siye aliyewapokea mlangoni.) Hata hivyo unatosha kuonyesha kwamba kauli na tendo hupimwa kila kimoja peke yake.

Basi bosi yule huenda anasema kweli kuhusu moyo wake, na hakuna haja ya kumwita mwongo. Aombwe tu orodha: nani waliomba, nani waliitwa kwenye usaili, nani aliwapa alama, na kama nafasi ilitangazwa hadharani au ilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.