Javeli ya pisine: 12 ya ku bidoni si asilimia 12

Hapa Lubumbashi batu mingi benye pisine (bwawa ya kuogelea) ku nyumba banatumia javeli ya bidoni, ile dawa ya maji yenye klorini, na vile banaipima nguvu njo inanishangaza. Mutu anafungua kifuniko, ananusa, macho inalia, basi anasema hii kali, leta bidoni tatu. Kumbe pua haipimi kitu, javeli ya asilimia 4 na ya asilimia 12 zote zinakupiga vilevile. Na ile harufu inayosimama juu ya pisine yenyewe si alama ya klorini mingi, mara mingi ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mikojo ya batoto, na kawaida dawa yake ni kuongeza klorini, si kupunguza.

Lakini kosa kubwa kuliko yote liko ku etiketi. Bidoni moja imeandikwa 12°, ingine 12.5%, na yule anayemwaga anaona ni kitu kimoja. Hapana. Ile 12 yenye kaduara kadogo juu ni digrii za klorometri, kipimo cha Wafaransa: litre moja ya javeli inaweza kutoa litre 12 za gesi ya klorini. Digrii moja ni gramu 3.17 hivi kwa litre, kwa hiyo 12° ni gramu 38, haifiki asilimia 4. Ile ya 12.5% iko na gramu kama 125. Ukitaka ya digrii inayokaribiana nayo utafute 36° ao 48°.

Sasa ipeleke mu pisine ya metre kyubu 50, unataka kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa litre. Unahitaji gramu 100. Kwa ile ya 12.5% ni litre 0.8 tu. Mwaga hiyohiyo 0.8 ya 12° na umepandisha kama miligramu 0.6, alafu maji inageuka kijani na sentineli (mulinzi) njo anashitakiwa!

Wengine banasema bidoni haijafunguliwa, basi nguvu yote iko ndani. Namba ya ku etiketi ni ya siku ilitengenezwa. Ile javeli labda imepitia Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, kamio imelala ku foleni, jua ya mwezi wa 10 inaipiga kichwani, na joto likipanda nyuzi 10 kuharibika kunaenda mbio mara 3 ao 4. Mwangaza unaiharibu, vipande vidogo vya madini vikiingia ndani vinaiharibu pia, sanasana shaba na nikeli (na shaba hapa kwetu haikosi). Alafu ile kali njo inapoteza nguvu haraka kuliko nyepesi, kinyume cha vile batu banafikiri. Kama unaweka akiba, kuichanganya nusu kwa nusu na maji safi kunaisaidia kukaa, lakini andika ku bidoni kwamba umechanganya.

Bidoni iliyovimba? Si nguvu ile. Ni oksijeni inayotoka javeli ikiwa inakufa.

Kuna na wale ba kipimo cha kuelea, kama kile cha asidi ya batri. Bure kabisa, juu javeli ikioza inabaki chumvi mu maji, uzito unabaki karibu uleule na nguvu imekwisha. Kutumbukiza bandeleti (kakaratasi ka kupimia) ya pisine moja kwa moja mu javeli nako hakusaidii, inaunguza rangi na inakuonyesha sifuri, unaanza kugombana na muuzaji bure.

Kupima kwa ukweli si kazi kubwa. Tafuta seringi ya farmasi, chupa mbili za maji ya kununua za litre moja, na kile kipimo chako cha DPD, dawa inayogeuka pinki ikikuta klorini mu maji. Usitumie ya robine, iko na klorini yake, wala ya kisima yenye udongo, itakula klorini kabla hujasoma. Vaa glavu, tia mililitre 1 ya javeli mu chupa ya kwanza, tikisa. Toa mililitre 20 za hiyo, tia mu chupa ya pili, tikisa tena, pima palepale. Namba unayosoma zidisha mara 5, njo asilimia. Ukisoma 2.5, javeli yako ni 12.5. Ukisoma 1.2 iko 6, na dozi yako lazima ipande mara mbili. Fanya hivyo kila bidoni mupya, na ile iliyokaa sana stooni.

Ila usijaribu kuipima kwa kutia asidi uone kama "inachemka". Hapo inatoka gesi ya klorini yenyewe, na mu kastoo kenye kufungwa inaweza kuua mutu.