Picha ya ultrasaundi ni hesabu tupu

Probu, kile kifaa cha mkononi ninachokitelezesha kwenye tumbo la mjamzito, haina kamera. Ina safu ya vipande vidogo vya kauri, mara nyingi 128, ambavyo vikipata umeme hutetemeka na kutoa sauti isiyosikika, kisha hutulia kusikiliza mwangwi. Yaliyobaki ni ya kompyuta.

Kompyuta huchukulia kwamba sauti husafiri mwilini mita 1,540 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya maikrosekunde 13 (sehemu 13 za milioni za sekunde), kwenda na kurudi, kilichourudisha kiko kina cha sentimita 1. Ukirudi baada ya 130, ni sentimita 10. Ila mwangwi wa nukta moja hauvifikii vipande vyote kwa pamoja: cha katikati huupata mapema, cha pembeni huchelewa. Kompyuta huzuia ishara zilizotangulia, huzingoja zilizochelewa, kisha huzijumlisha zote zikiwa sambamba. Hapo nukta hung'aa, na kelele za kwingine hufutana zenyewe. Kazi hiyo hurudiwa picha nzima, hata mara 40 kwa sekunde, ndiyo maana unamwona mtoto akirusha mguu.

Kwenye mafuta sauti hupungua mwendo, karibu mita 1,450. Hesabu inayumba, picha inaingia ukungu. Mashine si mbovu.

Sasa tuje kwenye ugomvi wa kliniki: tarehe ya kujifungua inayobadilika kila kipimo. Mashine haijui mimba ilitungwa lini. Mimi ndiye ninayeweka alama mbili kwenye kichwa cha mtoto, upande hadi upande, na mbili kwenye ncha za mfupa wa paja. Kompyuta inalinganisha milimita hizo na fomula zilizotokana na vipimo vya watoto wengine. Mashine nyingi hutumia zile za mtafiti Hadlock, za Marekani miaka ya 1980. Kabla ya wiki 14 watoto hukua karibu sawa, kwa hiyo makadirio hupishana na umri halisi kwa siku 5 hadi 7 tu. Baada ya wiki 28 kila mmoja ameshashika njia yake, na tofauti hufika wiki 3 au zaidi.

Kwa hiyo mama, ukiwa na karatasi tatu zenye tarehe tatu, shika ya kwanza kama ulipimwa mapema. Na ikiwa kwa hesabu ya karatasi hiyo uko wiki 35 lakini kipimo kipya kinaandika 32, usidhani umeongezewa muda. Huenda mtoto hakui vizuri, na kompyuta itaandika 32 bila kushtuka. Mpelekee daktari karatasi zote.