Bomba jipya la hewa na nguvu za pikapu
Kwa miaka mingi imeaminika kwamba ukiondoa boksi la ea klina (chujio la hewa) la pikapu na kufunga bomba pana lenye chujio la wazi, injini hupata nguvu nyingi na kula mafuta kidogo. Lakini hewa ya injini ya petroli hudhibitiwa na vali inayofuata mguu wa dereva, kwa hiyo katika mwendo wa kawaida, vali hiyo ikiwa imefunguka kidogo tu, upana wa bomba lililo mbele yake haubadilishi karibu chochote. Kinachobadilika ni mlio, nao ndio unaomshawishi dereva.

Linalosahauliwa zaidi ni joto. Boksi la kiwandani kwa kawaida huvuta hewa ya nje, mara nyingi kupitia ndani ya fenda, ilhali chujio la wazi chini ya boneti hunyonya hewa iliyopashwa na injini. Na kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza uzito wa hewa inayoingia kwenye injini kwa takriban asilimia 3, na nguvu nazo hushuka. Anayefunga bomba hilo mwenyewe nyumbani ahakikishe kizuizi cha joto, kinachotenga chujio na injini, kimekaa sawasawa, tena asizidishe mafuta maalumu ya kunasa vumbi kwenye chujio la kitambaa, kwani yakifika kwenye waya mwembamba wa sensa inayopima hewa iingiayo, vipimo hupotoka.