Mtoto ana homa: lini usisubiri kupambazuke?

Kiganja kwenye paji la uso huonya tu, hakipimi. Weka ncha ya kipimajoto katikati ya kwapa kavu, ubane mkono wa mtoto ubavuni mpaka kipimajoto kilie. Nyuzi joto 38 au zaidi ni homa. Joto la kwapani huwa chini kidogo ya joto la ndani ya mwili, kwa hiyo 37.7 kwa mtoto aliyelegea isikutulize. Kama ametoka kuoga au alikuwa amefunikwa gubigubi, ngoja kama dakika 20 kwanza.

Umri ndio swali la mwanzo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 3 akifika nyuzi 38, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ananyonya vizuri, na usimpe dawa ya homa kabla hajaonwa. Kinga yake bado ni changa. Maambukizi ya damu, ya mkojo au homa ya uti wa mgongo huweza kuanza bila dalili nyingine yoyote. Kwa kichanga hata ubaridi ni hatari: akiwa chini ya 35.5, hiyo ni dharura. Kati ya miezi 3 na 6, nyuzi 39 zinatosha kumpeleka siku hiyo hiyo.

Akishavuka miezi 6, namba peke yake hudanganya. Mwenye 39.5 anayeomba maji na kurudia michezo homa ikishuka hatutii hofu kama mwenye 38.2 asiyeweza kunyonya. Kukimbizwa hospitali ni kwa mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au anayelala hadi kumwamsha ni kazi. Vivyo hivyo shingo ikikakamaa, utosi ukivimba, au akitokwa na vipele visivyofifia ukivikandamiza kwa glasi ya kioo. Kwenye ngozi nyeusi vipele hivyo hujificha. Vitafute viganjani, kwenye nyayo na ndani ya kope.

Pumzi hupuuzwa mno, ingawa kuihesabu hakuhitaji kifaa zaidi ya saa. Subiri atulie, mfunue kifua na tumbo, kisha hesabu kila tumbo linapopanda kwa dakika 1 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwani watoto wadogo hupumua kwa vipindi visivyo sawa. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka kupita kiasi. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, acha kuhesabu, ondoka naye.

Kwenye dawa, kosa kubwa liko kwenye chupa. Parasetamoli hutolewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150: mililita 5 za dawa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5 zinamtosha, lakini mililita hizo hizo za dawa yenye miligramu 250 katika kila mililita 5 zinamzidishia. Soma lebo, pima kwa sirinji, kijiko cha chai kiache jikoni. Aspirini asipewe kabisa. Kumwogesha maji ya baridi nako humtetemesha, na kutetemeka huongeza joto. Dawa ikishusha homa, haijathibitisha kwamba ugonjwa ni mdogo. Penye malaria, apimwe damu siku hiyo hiyo.

Degedege likimshika, mlaze ubavu, mlegezee nguo, usimtie chochote mdomoni, na tazama saa. Likipita dakika 5 ni dharura. Likiisha mapema bado mkimbize hospitali.

Asiye na dalili yoyote kati ya hizi naye aonwe homa ikidumu siku 3, ikirudi baada ya kumwacha siku nzima, au akikaa saa 8 bila kukojoa. Nenda na chupa ya dawa yenyewe na karatasi yenye saa ulizompima, joto ulilopata na kiasi ulichompa.