Hati ya mshahara si ithibati ya uhuru

Imeaminika kwa muda mrefu kwamba utumwa ulikwisha pamoja na minyororo, na kwamba mfanyakazi mwenye hati ya mshahara na akaunti ya benki hawezi kuwa mtumwa. Kesi iliyohukumiwa Uingereza mwaka 2019, katika eneo la West Midlands, inaonyesha vinginevyo. Genge la Wapolandi liliwarubuni wenzao, wakiwamo watu wasio na makazi na waliotoka gerezani, likawapeleka mashambani na kwenye vituo vya kuchambua taka. Waathiriwa walikadiriwa kufikia 400. Waliajiriwa kupitia mawakala wa ajira na ujira wao ulilipwa, lakini uliingia katika akaunti zilizoshikiliwa na genge, huku baadhi yao wakiambulia pauni 20 tu kwa wiki.

Sekta ya taka ina mianya yake: kazi ni chafu, haidai lugha, hubadilisha watu kila mara, na mwenye kituo mara nyingi hawafahamu kwa majina wanaosimama kwenye mkanda wa kuchambulia. Kwa hiyo kinga huanzia kwenye karatasi za malipo: wafanyakazi kadhaa wanaotumia akaunti, anwani au namba moja ya simu wanapaswa kuhojiwa faraghani, bila msimamizi wao wala mkalimani aliyeletwa na msimamizi huyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 kuhusu utumwa wa kisasa huzitaka kampuni zenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kutoa taarifa kila mwaka kuhusu hatua zinazochukua dhidi ya utumwa huo. Taarifa hiyo, kwa maoni yangu, ina thamani ndogo isipoambatana na kukaguliwa kwa mawakala wa ajira wenyewe.