Nusu saa bila maji: kutenganisha kinywaji na chakula baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga, ana kikombe cha plastiki chenye mfuniko, kinamfuata chumba hadi chumba. Mkekani tu ndiko hakifiki. Chakula kikiandaliwa, kikombe kinapanda juu ya kabati. Siku ya kwanza nilipomsogezea maji naye anakula, alirudisha gilasi taratibu: "Acha kwanza mwanangu, saa yangu haijafika."

Saa anayoisema ni ile nusu saa. Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huagizwa asinywe wakati anakula, na akishamaliza asubiri kama dakika 30 ndipo anywe. Wengine huambiwa waache kunywa dakika 15 hadi 30 kabla ya kula pia. Ndiyo maana ya kutenganisha kinywaji na chakula. Kutenganisha, si kuacha. Nalisisitiza neno hilo kwa sababu mtaani habari hufika imekatika: "Kakatazwa maji." Hajakatazwa maji hata kidogo.

Tuanze na nafasi. Tumbo la mtu mzima hupokea lita moja na zaidi bila taabu. Katika upasuaji wa aina moja, madaktari huondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, kinachobaki ni kama mrija mnene wenye umbo la ndizi. Katika aina nyingine hutengenezwa kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, kisha kinaunganishwa na utumbo mwembamba. Kikombe cha kahawa ya barazani kinakizidi. Sasa mtu ametia tonge tatu za wali na kipande cha samaki aina ya changu, halafu anashushia maji: yataingia wapi? Kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni, na mara nyingi chakula kinarudi.

Sababu nyingine husemwa kwamba maji hukisukuma chakula kipite upesi, shibe ikakatika mapema na mtu akarudi sahanini. Kwa wenye kifuko inaingia akilini, maana msuli wa duara unaofungua na kufunga mlango wa kutokea tumboni hauko tena kwenye njia ya chakula. Wa tumbo la ndizi bado wanao. Lakini tafiti zilizolipima jambo hili lenyewe ni chache. Agizo limesimama zaidi juu ya uzoefu wa madaktari na wataalamu wa lishe. Mimi sababu ya nafasi peke yake inanitosha.

Agizo hili huvunjika kwanza asubuhi. Mtu wa Tanga na chai ya maziwa na andazi, utawatenga vipi? Andazi kazi yake ni kuchovya! Shangazi anasema hilo lilimtesa kuliko kidonda. Siku hizi anakula yai na mbaazi kidogo, chai inakuja baadaye, naye ananung'unika kila siku kana kwamba ndiyo kwanza ameambiwa. Mchuzi ni habari nyingine: wa kulainishia chakula hauhesabiwi kinywaji, na chakula kikavu ndicho kinachokwama. Bakuli la supu la kunywa ndilo linalohesabiwa.

Kinachonywewa nacho kina neno lake. Soda hujaza gesi mahali pasipo na nafasi. Juisi ya miwa, au ya ukwaju iliyokolezwa sukari, ikishuka kwa kasi kwenye utumbo mwembamba huvuta maji kutoka kwenye damu: moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linanyonga, pengine kuharisha, yote ndani ya dakika 10 hadi 30. Na saa moja hadi tatu baadaye sukari ya mwili yaweza kushuka ghafla, mtu akatetemeka na kuishiwa nguvu. Hali hii huwapata zaidi wenye kifuko.

Kwa joto letu la Januari, ninaloliogopa mimi ni ukavu kuliko maji ya mezani. Lengo la kawaida ni lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, na kwa kuwa hawezi tena kubugia gilasi nzima, inabidi anywe funda dogo dogo tangu asubuhi. Ndiyo kazi ya kile kikombe. Mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu, au kizunguzungu kikimshika akisimama, amechelewa. Asiyeweza kubakiza hata maji tumboni apelekwe hospitali; kutapika kwa siku nyingi kunaweza kumaliza vitamini B1 mwilini, na upungufu huo huumiza mishipa ya fahamu na ubongo.

Ramadhani ndiyo ngumu zaidi. Saa ya kunywa ni usiku tu, na futari ina uji, tende, maji na mihogo ya nazi kwa mpigo. Miezi ya mwanzo baada ya upasuaji madaktari hushauri mtu asifunge kabisa. Baada ya hapo ni la kuzungumza na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Shangazi alipopata ruhusa, alifungua kwa tende moja na mafunda ya maji, akaenda kuswali magharibi bila haraka, akakaa na tasbihi yake. Aliporudi mkekani sisi tulikuwa tumeshamaliza mihogo yote, tumemwachia kipande kimoja. Kilimtosha.