Pua Iliyosinyaa Baada ya Upasuaji: Irudiwe Lini?

Dada mmoja wa Kisauni ameniandikia. Miezi kumi iliyopita alisafiri nje ya nchi akatiwa silikoni ili kuinua mgongo wa pua. Miezi minne ya kwanza alifurahi. Kisha ncha ikaanza kupanda, ngozi ikakaza, na sasa akipigwa picha matundu ya pua yote mawili yanaonekana wazi. Anataka ifanywe tena upesi, kabla ya harusi ya mdogo wake. Nayajibu maswali yake hapa kwa kuwa si yeye peke yake aliyeuliza.

Pua yangu imefanya nini hasa?

Mwili ukikuta kitu kigeni hukizungushia kifuko cha kovu. Kwa wengi kifuko hicho hubaki chembamba, mtu akaishi nacho bila habari. Kwa wengine hunenepa na kujivuta. Kama umewahi kuona ngozi mbichi ikiwambwa kwenye ngoma kisha ikaanikwa, unajua: inavyokauka ndivyo inavyokaza. Sasa, ncha ya pua haina mfupa, ni gegedu laini tu, kwa hiyo ndiyo inayokubali kuvutwa. Hupanda juu, pua ikawa fupi.

Kinachochochea mara nyingi ni vijidudu vichache vilivyojificha juu ya silikoni bila kuleta homa, damu iliyovilia ndani baada ya upasuaji, au pua iliyopasuliwa mara kadhaa.

Nitajuaje kama si uvimbe tu?

Uvimbe hupungua kadiri siku zinavyokwenda, ingawa wa ncha unaweza kuchukua hata mwaka. Kusinyaa huzidi. Piga picha ya pua kwa upande kila mwezi, penye dirisha lilelile, uso umeuweka vilevile. Halafu jaribu kuiteremsha ncha taratibu kwa kidole. Ya kawaida huteremka kidogo. Iliyosinyaa hukataa, na ngozi yake haisogei juu ya kilicho chini yake.

Basi nirudie sasa?

Hapana, dadangu. Kovu changa ni jekundu, gumu, na hutoa damu kwa urahisi; ukilikata likiwa katika hali hiyo unaliongezea sababu ya kujivuta tena. Madaktari wengi husubiri miezi sita hadi mwaka tangu upasuaji wa mwisho, na kinachoangaliwa zaidi ya kalenda ni ngozi yenyewe: je, imelainika? Huenda silikoni itolewe kwanza, pua iachwe ipumzike, ndipo ijengwe upya baadaye. Najua harusi haisubiri. Lakini picha za harusi zina mtandio na mpambaji. Pua iliyoharibiwa mara ya pili haina.

Kuna hali moja isiyosubiri hata wiki. Ukiona wekundu unaozidi, joto, maumivu, usaha, au ngozi ya ncha imekuwa nyembamba na inang'aa kana kwamba kitu kinataka kutokeza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo silikoni kwa kawaida hutolewa, pamoja na dawa za kuua vijidudu.

Upasuaji wa pili unafanywaje?

Ni mgumu kuliko wa kwanza, na huchukua saa nyingi zaidi. Daktari huachanisha ngozi na kovu, huishusha ncha, kisha huweka nguzo ya kuizuia isirudi juu. Nguzo hiyo bora iwe gegedu lako mwenyewe. La ukuta wa kati wa pua hutumika likiwa lingalipo. La sikio ni laini na limepinda, halibebi mzigo mkubwa. Kwa pua iliyosinyaa sana huchukuliwa la ubavu. Utabaki na kovu kifuani, na kwa siku kadhaa kukohoa na kucheka kutauma. Mara chache hewa huvuja kuzunguka pafu, na gegedu la ubavu nalo laweza kujipinda baadaye.

Mpaka wa yote haya ni ngozi. Nguzo inaweza kurefushwa, lakini ngozi ikivutwa kupita kiasi hukosa damu, hugeuka nyeupe kisha nyeusi, ikafa. Daktari anayekuahidi urefu wowote uutakao, muage kwa heshima.

Kuchua je? Na shisha?

Usimpe mkandaji pua yako. Kuchua kwaweza kusaidia, ila kwa maelekezo ya aliyekupasua tu. Sigara na shisha ziache angalau wiki nne kabla na nne baada, kwani nikotini hubana mishipa ya damu. Miraa nayo hubana. Na mwambie daktari kila unachokunywa, hata mafuta ya habasoda.

Nimwendee nani?

Jina lake litafute kwanza kwenye daftari la mtandaoni la KMPDC, baraza linalosajili madaktari hapa Kenya, uone kama ni bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile au wa masikio, pua na koo. Muulize pua *zilizosinyaa* amezirekebisha ngapi. Omba pia hospitali ya nje ikutumie ripoti ya upasuaji: aina ya silikoni, na magegedu gani yalishatumika.

Na udhu baada ya upasuaji?

Swali zuri, na sikulitarajia. Usivute maji kwa nguvu puani mpaka daktari aruhusu. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi hapa Pwani, kupandisha maji puani ni sunna. Kuosha uso ndiko kwenye mjadala, maana bandeji huwa imekaa palepale. Hilo mpelekee shehe wako mapema, kabla hujaingia hospitali.